Nzumari Si Sauti Namba 112

Wacha nianzie mbali kidogo, halafu tutavuka feri turudi nyumbani.

Januari 2019, kwenye mji mdogo wa Italia unaoitwa Cremona, meya aliwaomba watu wake kitu cha ajabu: wanyamaze. Si dakika moja ya maombolezo. Zaidi ya mwezi mzima, siku sita kwa wiki, tangu asubuhi hadi jioni. Polisi wakafunga barabara zinazozunguka jumba la makumbusho. Ndani ya ukumbi wakazima lifti, wakazima mitambo ya hewa, wakafungua balbu moja moja kwa sababu zilikuwa zinavuma. Hata mwanamke akipita nje na visigino virefu juu ya yale mawe ya barabara ilikuwa balaa, manake mtikisiko wa hatua zake ulipita chini ya ardhi ukaibukia kwenye maikrofoni. Na maikrofoni zilikuwa 32.

Yote hayo kwa ajili ya vyombo vinne. Fidla mbili, moja ya Antonio Stradivari ya mwaka 1727 na moja ya Guarneri ya 1734, viola ya Amati ya 1615, na cello ya Stradivari ya 1700. Wapigaji waliingia mmoja mmoja, wakapiga noti baada ya noti, kila noti kwa namna nyingi, na kila njia ya kutoka noti moja hadi nyingine. Hawakuwa wanarekodi wimbo. Walikuwa wanarekodi sauti yenyewe, kabla haijakwisha. Mafundi wa hivyo vyombo wanajua kwamba mbao huzeeka, na kuna siku fidla ya miaka mia tatu itachoka kabisa, itabaki ya kutazamwa tu.

Mji mzima ulishusha sauti. Mimi nilipoisoma hii stori nilikuwa ndani ya feri, kati ya trela la mizigo na mama wa mbaazi, na bodaboda nyuma yangu anapiga honi kama vile feri itaongeza mwendo. Nilicheka. Halafu nikanyamaza, nikafungua simu nikaanza kuandika hii posti. Imenichukua wiki tatu kwa sababu kila nikiandika nilikuwa napandwa na hasira.

Hasira yangu ni hii. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeingia studio moja hapa Mombasa. Sitaitaja, na kusema kweli haina haja, manake ingekuwa vile vile kwenye nyingine nyingi. Nilikuwa na vitu viwili: nzumari ya marehemu babu yangu ndani ya mfuko wa unga, na mzee mmoja kutoka Ng'ombeni anayejua kuipiga. Nilikuwa nimelipia saa mbili. Produsa akatupokea vizuri, akatupa maji, akaitazama nzumari kama mtu anayetazama jino lililong'olewa. Halafu akaniambia kwa upole kabisa: "Bro, mzee apumzike tu. Hiyo sauti ninayo hapa."

Akageuka kwenye kinanda, akazungusha kile kidude mpaka namba 112. Akabonyeza. Ikalia kitu.

Kwa wasiojua, vinanda vingi vya umeme vina orodha moja ya sauti 128 ambazo kampuni za dunia nzima zilikubaliana. Namba 1 ni piano. Namba 112 imeandikwa "Shanai". Hiyo ni nzumari ya Kihindi, shehnai, au tuseme kivuli cha shehnai. Kwenye hiyo orodha ya 128 hakuna nzumari yetu. Hakuna kayamba, hakuna chivoti, hakuna upatsu. Kalimba ipo, namba 109, ikae peke yake pale kama mgeni aliyekosea harusi. Kwa hiyo babu yangu Mdigo wa Mtongwe, aliyepiga nzumari miaka arobaini, kwa hesabu za kinanda ni Mhindi wa bandia.

Mzee wa Ng'ombeni alisikiliza ile 112 mpaka mwisho. Ana adabu sana. Halafu akaniuliza, si produsa, mimi: "Huyu mpigaji mbona hana mashavu?"

Nitawaeleza mashavu ni nini, manake hapo ndipo penye kesi yote.

Nzumari ni bomba la mti lenye matundu. Juu yake kuna kijibomba cha chuma, juu ya hicho kuna kijani kikavu kilichokunjwa na kufungwa uzi, na kati yake kuna kisahani kidogo cha kuegemeza midomo. Huulizi tu, ukipuliza kama filimbi haitoi kitu. Mpigaji anaingiza kile kijani chote mdomoni, anajaza mashavu upepo, na wakati mashavu yanausukuma upepo nje, pua inavuta mwingine ndani. Sauti haikatiki. Babu alikuwa anaweza kutoka uani mpaka barabarani, azunguke bibi harusi mara tatu, arudi, na nzumari haijapumzika hata kidogo. Sisi watoto tulikuwa tunamfuata tukingoja aanguke. Haanguki.

Na ule upepo wa mashavu haukai sawasawa. Unapanda na kushuka. Noti inaanza chini kidogo halafu inajikweza, inapinda, inakaribia noti ya jirani bila kuifikia. Matundu yenyewe fundi aliyatoboa kwa kipimo chake, si kwa kipimo cha piano. Kuna noti mbili kwenye nzumari ya babu ambazo ukizitafuta kwenye kinanda zinaanguka kati ya kitufe na kitufe. Nimejaribu. Nimeshinda usiku mzima na programu ya kupimia noti kwenye simu, sindano inacheza tu katikati kama mlevi asiyejua alale upande gani wa kitanda.

Sasa hizo noti mbili, mwambie produsa akuwekee namba ngapi?

Najua kuna wa maskani wataniambia, "Acha uzee, sauti ni sauti, watu wanataka biti." Sawa. Basi tuongee kuhusu Wazungu, kwa sababu naona wakifanya wao ndo huwa tunakubali.

Muziki wao wa zamani, ule wa akina Bach na Vivaldi, wanauita wa Baroki. Kwa miaka mingi waliupiga kwa vyombo vya kisasa: piano kubwa, fidla zenye nyuzi za chuma, okestra la watu kama abiria wa feri ya saa kumi na mbili. Ukasikika mzuri, hakuna aliyelalamika. Halafu wakatokea watu wachache wabishi. Mmoja aliitwa Nikolaus Harnoncourt, yeye na mkewe Alice na rafiki zao wakaanzisha kikundi Vienna mwaka 1953. Wakawa wanatafuta vyombo vya zamani vilivyosalia: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, filimbi za mti, tarumbeta zisizo na vitufe, na kile kinanda cha kale ambacho nyuzi zake zinadonolewa badala ya kugongwa. Wenzao wengi wa hiyo fani huwa wanashusha noti ya A mpaka 415 badala ya 440 ya leo. Walichekwa. Waliambiwa vyombo vyenu vinakwaruza, vinakosa noti, havina nguvu, hayo ni mambo ya makumbusho. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, isipokuwa wao waliambiwa kwa Kijerumani.

Mwaka 1971 huyo Harnoncourt na mwenzake Gustav Leonhardt wa Uholanzi wakaanza kurekodi nyimbo za kanisani za Bach, karibu 200, kwa vyombo vya aina hiyo. Iliwachukua karibu miaka 20. Ilipokwisha hakuna aliyekuwa anacheka tena. Leo mwanamuziki wa huko akipiga Bach, hata kama ana fidla ya kisasa, inabidi ajue ile ya zamani ilivyokuwa ikilia, manake watu wameshaisikia. Masikio yamebadilika. Hiyo ndo kazi ya rekodi. Haihifadhi tu. Inawatoa watu kwenye uvivu wa kusikia.

Na msiniambie ati wao wana historia ndefu na sisi tuna ngoma za watalii. Hebu tuweke miaka mezani. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Waomani walipoizingira mwaka 1696, Bach alikuwa mtoto wa miaka 11 huko Ujerumani. Kwenye jumba la makumbusho la Lamu kuna siwa ya Pate, pembe ya ndovu iliyochongwa, ndefu kuliko mtu yeyote unayemjua, zaidi ya mita mbili, na wataalamu wanaiweka kwenye karne hiyo hiyo ya 17. Yaani siwa ya Pate na fidla za Stradivari ni rika moja. Kama kungekuwa na shule wangekaa dawati moja.

Na siwa ni ya kale kuliko hiyo moja. Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, baada ya kukorofishana na watu wetu hapa Mombasa, mtu wa msafara wake aliandika alichokiona: mfalme wa Malindi akaja na wapiga muziki, wengine na tarumbeta, na wawili na baragumu za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu, zimechongwa vizuri, zinapulizwa kutoka tundu la ubavuni, na zinapatana sauti na zile nyingine. Zinapatana sauti! Ni mgeni anasema hivo, tena mgeni aliyekuja na mizinga. Hiyo ni karibu miaka mia mbili kabla ya Bach kuzaliwa.

Sasa niambie wewe mtoto wa Pwani, siwa inalia vipi?

Si unajua inavyofanana? Iko kwenye picha, iko kwenye vitabu vya shule. Sura yake tunaijua. Sauti yake ndo nauliza. Nimeuliza darasa zima la kidato cha nne la mdogo wangu, na wao wanaishi Kisauni, si Kitale. Mmoja akasema "kama vuvuzela". Wa pili akasema "kama honi ya meli". Wengine wakaniuliza itakuwa kwenye mtihani.

Halafu tuko hapo hapo Kisauni. Kila siku konda anapiga kelele "Kengeleni, Kengeleni shukia!" na watu wanashuka. Kengele yenyewe iko pale, ya Freretown, mtaa waliowekwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa miaka ya 1870. Kengele ile ilikuwa inagongwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara ya utumwa wanakuja. Sauti hiyo iliamua nani analala nyumbani kwake na nani anaamka baharini. Mtaa mzima ukapewa jina la sauti. Sisi tumebaki na jina, na stejini pake, na mtu anauza kava za simu. Hata ile kengele hatujairekodi vizuri tukaiweka mahali kila mtoto wa Kisauni ataisikia. Ni kengele! Haihitaji hata mpigaji wa kubembelezwa.

Nakuja kwenye pingamizi za maana, manake zipo.

Moja, vyombo vya kale ni dhaifu. Ukimpa kila mtu mwenye TikTok apulize siwa ya Pate, baada ya mwezi hatuna siwa. Kweli kabisa. Nakubali mia kwa mia, na mimi mwenyewe sitaki kuigusa. Lakini hata Wazungu hawapigi kila kitu. Kuna vinanda vya kale ambavyo fundi akivikagua anasema hapana, hiki kitapasuka, na basi. Wanachofanya ni kupima kila unene na kila tundu, wanatengeneza nakala, nakala ndiyo inayopigwa. Nakala ya siwa si lazima iwe ya pembe, na haifai iwe. Hii ni nchi ambayo rais wake alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 dunia nzima ikiangalia. Mafundi wa mbao na wa shaba tunao Lamu wamejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "tengeneza, nitalipa".

Ya pili, kuna ndugu zangu watasema nzumari na ngoma ni mambo ya pepo, tuyaache yafe. Siwadharau. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo babu alikuwa anapiga harusini Jumamosi, na Ijumaa yuko safu ya mbele msikitini, na shangazi zangu hawakuacha kumsema mpaka anaondoka duniani. Nasema hivi tu: kama hutaki kuisikiliza, usiisikilize. Kurekodi si kucheza. Na usimfanyie mjukuu wako uamuzi ambao hautarudi nyuma.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, na wengi hawaitaji: rekodi ni ya nani? Hapa inabidi niwapeleke Tana River. Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa, ngadji, ngoma ya enzi, si ya kuchezea harusi. Mwaka 1902 maafisa wa Kiingereza wakaichukua. Tangu 1908 iko British Museum, London. Imekaa stoo. Watu wenyewe wameomba irudi. Zaidi ya miaka mia, hakuna mtoto wa Kipokomo aliyezaliwa akaisikia ikilia kwao. Na sitaki mtu aniambie "basi wairekodi kule wawatumie faili". Ngoma kama ile si faili. Pengine wenyewe hawataki isikike na kila mtu, na hiyo ni haki yao, wao ndo wa kuamua. Lakini huwezi kuamua kuhusu kitu kilicho kwenye stoo ya mtu mwingine.

Na hata pale ambapo hakikuchukuliwa chombo, ilichukuliwa sauti. Mzungu mmoja anaitwa Hugh Tracey alizunguka Afrika na mitambo yake, mwaka 1950 akafika Kericho, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba ule wimbo wa Chemirocha. Alifanya kazi kubwa, sitamnyima. Lakini kanda zikaenda kukaa Afrika Kusini kwenye taasisi aliyoianzisha 1954, na ilipita miaka zaidi ya sitini ndipo rekodi zikarudishwa kijijini wazee wakajisikia wenyewe. Zaidi ya miaka sitini! Na wao ni wenye bahati, kuna waliokufa hawajui sauti yao ilifika wapi. Hata Siti binti Saad mwenyewe, mwaka 1928, ilibidi apande meli mpaka Bombay ndipo asikike kwenye sahani ya santuri. Bahari nzima kwa ajili ya maikrofoni moja.

Mimi na wewe tuna maikrofoni mfukoni. Na hapa ndipo inabidi nijiseme, manake nisipojisema hii posti yote ni unafiki.

Desemba 2017, harusi ya binamu yangu, Mtongwe. Babu alikuwa ameshaacha kupiga, meno yalikuwa yameanza kumtoka, na bila meno ya mbele midomo haikazi. Lakini walimbembeleza, akatoka. Walikuwepo wapiga chapuo wawili na msondo, na mzee mmoja wa upatsu. Alipiga sengenya kama dakika nne. Nilikuwa nimesimama kwenye ukuta, nilirekodi yote kwa simu. Dakika nne na sekunde kadhaa. Mwishoni anaitoa nzumari mdomoni, anacheka, anasema kitu na wanawake wanapiga vigelegele kwa hivyo hakisikiki.

Miezi kadhaa baadaye simu ikaniandikia nafasi imejaa. Nilitaka kupakua gemu. Nikaingia kwenye video, nikachagua zile kubwa kubwa, nikafuta. Sikuangalia hata ni zipi.

Babu alifariki mwaka uliofuata. Arobaini yake ilipofika shangazi yangu akauliza mbele ya watu wote, "Ile video si uko nayo wewe?" Nikasema iko kwenye simu ya zamani. Mpaka leo familia inajua iko kwenye simu ya zamani. Sasa wamejua.

Kwa hiyo sipigi kelele kama mtu aliyehifadhi. Napiga kelele kama mtu aliyefuta. Cremona walifunga barabara kulinda sauti ya mti uliochongwa na mtu waliyemsikia kwenye vitabu tu. Mimi nilikuwa na mchongaji na mpigaji na mti, wote uani kwetu, nikafuta nipate gemu la mpira.

Na kibangala nacho kinaelekea huko huko. Ile gambusi ya kizamani, imechongwa kwenye gogo moja na uso wake umevikwa ngozi, ndugu yake yuko Yemen na mwingine Ngazija. Ilikuwa ndiyo ya Waswahili kabla udi haujaja ukaisukuma pembeni. Marehemu Zein l'Abdin alitufanya dunia ituheshimu kwa udi, Mungu amrehemu. Lakini kibangala ukikiona leo kimetundikwa ukutani kwenye mkahawa wa watalii, nyuzi mbili zimekatika, chini yake wameweka menyu ya pweza. Kile ndo Stradivari yetu, na kinafanya kazi ya kigango cha nguo.

Sasa nataka nini?

Kwa maprodusa wa hapa, msikasirike, lakini mnanikera. Mna maikrofoni nzuri, mna vyumba vimezibwa kwa magodoro, na mnauza biti ishirini kwa wiki ambazo zote zina sampuli ile ile iliyopakuliwa, imeandikwa "African Percussion", imetengenezwa na mtu aliye Ulaya ambaye sidhani anajua tofauti ya chapuo na ndoo. Usiku mmoja tu kwa mwezi. Mlete mzee mmoja. Msimwambie apige juu ya biti yenu, msimpe klik masikioni, msimnyooshe noti zake na programu. Mwache apige kwa mwendo wake. Halafu, kama wale wa Cremona, rekodini noti moja moja: kila tundu, kwa sauti ndogo na kubwa, ikipanda, ikishuka. Ngoma nayo hivyo hivyo, katikati ya ngozi, pembeni, kiganja, kidole. Mkimaliza mtakuwa na kitu ambacho hakimo kwenye ile 128, na biti zenu zitafanana na Likoni badala ya kufanana na kila mtu.

Na mlipeni. Si soda na nauli. Mlipeni kama mnavyomlipa jamaa wa gitaa, muandike jina lake mbele, na faili abaki nayo yeye pia, kwa flashi, mkononi, aende nayo nyumbani. Hapo swali la rekodi ni ya nani linakuwa limejibiwa kabla ya mtu kuliuliza.

Kaunti inatumia hela kila mwaka kwenye shoo za utamaduni, vijana wanavaa hando wanatingisha viuno mbele ya mheshimiwa, spika zinapiga muziki wa kinanda. Sina neno na hando. Lakini kwa hela ya mahema ya siku moja tungerekodi nzumari zote zilizobaki kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga. Kule kaya zao Wamijikenda zimeandikwa Urithi wa Dunia tangu 2008, na mila zake UNESCO ikaziweka mwaka 2009 kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Haraka! Ni miaka mingapi sasa.

Na wewe unayesoma. Usiku huu fungua simu yako, tafuta ile video ya harusi, ya matanga, ya maulidi, yoyote yenye mzee anapiga kitu. Usiiache kwenye simu tu. Iweke mahali pawili. Andika jina la mpigaji, mahali, na mwaka. Nakuomba. Gemu utalipata tu.

Mimi na mzee wa Ng'ombeni tumeshapatana. Studio hatuendi tena. Tutarekodi kwa shangazi yangu Mtongwe, chumba cha nyuma, tunatundika mablanketi ukutani. Tumechagua saa tisa usiku, ndo saa pekee ambayo bodaboda zimelala, ndege za Changamwe zimepungua, na adhana bado. Honi ya feri hatuwezi kuizuia, ikilia italia. Nzumari ya babu iko tayari, kile kijani kilikuwa kimeoza, mzee amekikunja kipya. Alikijaribu kidogo tu juzi pale uani, noti tatu, nyanya akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

Tunahitaji maikrofoni ya pili, na mtu mwenye waya mrefu. Aliye nayo Likoni au anayeweza kuvuka kabla ya usiku kuwa mwingi, nitafute. Mzee amesema anataka chai ya tangawizi, isiwe na maziwa, na nauli ya kurudi Ng'ombeni kwa tuktuk, si boda.